Herufi Isiyoandikwa Ng'ambo ya Mto

Hotam Yodgorov hakuwa na bastola. Hakuwa na gari, wala pingu, wala kitambulisho cha kumfanya mlinzi asimame wima. Hakuwa na ruhusa ya kumwita mtu na kumhoji. Hakuwa na dirisha. Chumba chake katika Kituo cha Sheria za Nje kilikuwa chini kabisa, nyuma ya mabomba ya kupashia jengo joto, na mabomba yenyewe mwezi huo wa Novemba yalikuwa bado baridi kama chuma cha reli. Hakuwa na msaidizi tangu yule wa mwisho alipoondoka kwenda kuwa wakili. Hakuwa na mke wa kumwambia aache kuzungukazunguka, maana mkewe alikuwa Khujand kwa binti yao aliyejifungua. Na Jumatano hiyo, tangu asubuhi, hakuwa na subira.

Kazi aliyoifanya tangu ujana ilielezeka kwa maneno machache. Jaji wa Dushanbe akikutana na shauri linalotegemea sheria ya nchi nyingine, humwandikia Hotam kumuuliza sheria ile inasema nini, na Hotam hujibu. Ameshajibu juu ya mirathi ya Waturuki na pensheni za Warusi. Lakini shamba lake hasa lilikuwa Afghanistan, ng'ambo ya mto Panj, ambako watu wengi husema lugha ileile ya Watajiki. Tofauti iko kwenye kalamu: wale huiandika kwa herufi za Kiarabu, hawa kwa herufi za Kirusi.

Mezani palikuwa na hukumu ya kurasa mbili, yenye jina la mahakama ya Kunduz, ng'ambo ya mto. Ilisema kwamba marehemu fulani alimpa talaka mkewe Nazdana kabla ya kufa, na kwa kuwa binti yao Palwasha amevuka umri wa kukaa na mama, akabidhiwe kwa baba yake mdogo, Haji Ghausuddin. Nazdana alikuwa mkimbizi upande huu, mjini Vahdat, akishona nguo za watu. Alimwapia jaji kwamba hakuachwa kamwe. Mume alifia mikononi mwake. Kesho jaji angeamua. Akiikubali hukumu ile, Ijumaa mtoto wa miaka kumi angevushwa darajani.

Swali la jaji kwa Hotam lilikuwa mstari mmoja: je, kifungu kilichonukuliwa katika hukumu hii ndivyo kilivyo katika sheria ya Afghanistan?

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Alikuwa Bunafsha Qodirova, mkurugenzi, mwanamke mwenye umri wa kuwa mdogo wake wa mwisho.

"Aka Hotam, bado hujaandika?" alisema, kwa lile neno lao la kaka mkubwa.

"Naandika."

"Unatembea. Nakusikia kutoka juu. Haya mabomba yanapandisha kila kitu isipokuwa joto." Aliketi kwenye ukingo wa meza. "Kifungu kipo au hakipo?"

"Kipo."

"Kinasema mtoto wa kike akivuka umri huo anatoka kwa mama?"

"Kinasema hivyo."

"Basi jibu ni neno moja. Andika ndiyo, tia sahihi, twende tukale."

"Karatasi hii ina kitu."

"Ina muhuri. Kaka yangu, sisi tunaulizwa sheria, hatuulizwi karatasi. Mwaka juzi ulimwandikia jaji kwamba shahidi anasema kama mtu aliyefundishwa. Wizara ilimpigia nani simu? Si wewe. Ukitoka nje ya swali tena, nitakustaafisha kabla theluji haijaanguka. Nawe unajua nakupenda."

"Ukinipenda nunua makaa."

"Makaa ni ya wizara nyingine," alisema, akaondoka.

Hotam aliwasha taa, akaisogeza hukumu chini yake, akaanza upya. Muhuri ulikuwa mzuri. Tarehe ilikuwa ya kalenda ya kule. Aliufuatilia mstari wa tatu kwa ncha ya penseli, neno kwa neno, kutoka kulia kwenda kushoto, na penseli ikasimama.

Katika lugha ile kuna sauti fupi, 'i', inayounganisha maneno. Kazi yake ni kazi ya 'wa' na 'ya' na 'cha': mtoto wa kaka, mahakama ya mji. Kusini mwa mto sauti hiyo husemwa lakini haiandikwi. Msomaji huitia mwenyewe kwa ulimi. Kaskazini, tangu herufi za Kirusi zilipoingia, huandikwa kila mara, na mtoto wa shule akiisahau hupigwa mstari mwekundu. Hapa, katika hukumu iliyotoka kusini, mtu alikuwa ameiandika. Hotam aliipata tena katika mstari wa saba, na tena katika ukurasa wa pili.

Karani wa Kunduz angeweza kukosea tahajia. Angeweza kuandika huku anasinzia. Ila asingeweza kutia herufi mahali ambapo hajawahi kuiona ikitiwa. Aliyeandika karatasi hii alikuwa amesomea upande huu wa mto.

Kulikuwa na maelezo mepesi ya jambo hilo, na Hotam aliyachukua kwanza. Labda iliyomo kwenye jalada si karatasi yenyewe bali nakala, na labda mtafsiri wa mahakama ndiye aliyeichapa upya. Alivaa koti akiwa tayari ngazini, akavuka barabara bila kungoja taa.

Tillo Rajabov, mtafsiri, alikuwa na meza yake kwenye ukumbi wa mahakama, kati ya ngazi na choo. Walisoma chuo kimoja. Alikuwa anakula sambusa juu ya gazeti.

"We mzee, mbona unatembea kama unafukuzwa na mbwa? Kaa."

"Sikai. Hukumu ya Kunduz uliichapa upya?"

"Mimi? Karatasi ikifika kwangu naiacha ilivyo, hata kama ina doa la mchuzi. Natafsiri, nabana tafsiri juu yake kwa pini, basi."

"Nipe mwandiko wako. Andika kwa herufi za kule: mtoto wa ndugu wa marehemu."

"Unanitahini leo? Uzee huu?" Tillo alihamishia sambusa mkono wa kushoto, akavuta kalamu, akaandika kwa haraka. Hotam aliinama. Kiunganishi hakikuwepo popote.

"Hukuitia ile 'i'."

"Nilikuwa mkalimani wa jeshi Kabul, umesahau? Kulikuwa na nahodha mmoja wa kwao, kila nikiiandika hiyo 'i' yetu ananichapa vidole kwa rula. Rula ile ilinifunza kuliko chuo kizima." Alimtazama Hotam usoni, akapunguza sauti. "Kwani kule ndani imeandikwa?"

"Mahali patatu."

"Mimi nilisoma maana tu. Herufi sikuzitazama." Tillo aliisukuma sambusa kando. "Unawaona wale?"

Kwenye benchi la mwisho alikaa mwanamke mwenye shela la kahawia, na ubavuni pake msichana mwembamba mwenye viatu vya mpira. Msichana alikuwa anamsomea mama yake tangazo la ukutani, akilifuata kwa kidole hewani.

"Limeandikwa tusiteme mate," alisema.

"Hilo tangazo lote refu ni la mate?"

"Na mbegu za alizeti, mama. Za alizeti ndizo zimechukua nafasi."

"Wanakuja kila siku," Tillo alisema, "hata siku ambayo hawajaitwa. Nazdana anaogopa jaji asije akaamua wakiwa hawapo. Usiende kuzungumza nao, utaliharibu shauri."

"Siendi. Haji Ghausuddin anakaa wapi?"

"Wewe huna ruhusa ya kumhoji mtu."

"Naenda kunywa chai."

"Basi kainywe nyuma ya soko la Korvon, kwenye nyumba ya chai yenye mlango wa buluu. Anashinda pale."

Haji Ghausuddin alikuwa mtu mpana, mwenye tasbihi ya kaharabu na birika la chai ya kijani mbele yake. Alisimama, akaweka mkono kifuani, akauliza hali ya Hotam, ya nyumba yake, ya watoto, ya afya, ya uchovu wa njia, na Hotam akajibu yote kwa zamu huku goti lake likitikisa meza.

"Haji, nikwambie kabla hujanimiminia. Mimi si askari. Ni yule aliyeulizwa na jaji juu ya sheria yenu. Ukitaka kunifukuza, nifukuze."

"Nikufukuze? Karibu, mhandisi, karibu sana."

"Mimi si mhandisi."

"Kwetu kila aliyesoma ni mhandisi. Kunywa."

Hotam alikunywa. "Hukumu yako umeisoma?"

"Mimi na kusoma hatujakutana. Lakini nimesomewa, na nikisomewa jambo mara moja halitoki." Alifumba macho, tasbihi ikatulia. "'Mtoto wa kike, muda wake katika mikono ya malezi ukiisha, hurejea...'"

"'...katika dari ya ukoo wa baba yake,'" Hotam alisema, "'wala mwenye kumlea hatamzuia.'"

Haji alifumbua macho. "Ehe. Nawe umesomewa?"

Asubuhi nzima Hotam alikuwa amepita juu ya sentensi hiyo akiwinda herufi moja. Alikuwa akikagua nyuzi na hakuitazama nguo. Mdomo wa mtu asiyejua kusoma ulikuwa umeivua sentensi ile herufi za kule, ikabaki kama ilivyozaliwa, na aliyeizaa alikuwa Hotam mwenyewe.

"Haji, ulisimama mbele ya jaji Kunduz?"

"Kusimama wapi? Wakili wangu wa hapa alisema ataagiza. Nikampa jina la marehemu na la mtoto. Karatasi ikaja."

"Ikaja kwa mkono wa nani?"

"Wake. Siyovush Latifov. Kijana wa adabu sana. Anakutaja: ustadh wangu, ustadh wangu."

"Na mtoto ana haraka gani? Amekaa na mama yake miaka kumi."

Haji alimimina chai nusu kikombe, kama inavyomiminwa kwa mgeni ambaye mtu hataki aondoke. Safari hii hakumtazama.

"Nimeshatoa neno kwa mtu. Mtu mzima, mwenye mashamba ya matikiti. Mke wake wa kwanza amefariki. Amengoja tangu Ramadhani, na neno nikishalitoa siwezi kulimeza."

"Mtoto ana habari?"

"Mtoto anapewa habari ya nini?"

Hotam alisimama. Haji alimwomba abaki, mkate ulikuwa njiani. Hotam aliweka mkono kifuani na kutoka.

Chumbani alifungua kabati la chuma. Kwenye rafu ya juu lilikaa gazeti rasmi la serikali ya kule, lile lenye Kanuni ya Madai, sheria yao ya ndoa, watoto na mali, kama ilivyotangazwa. Alilifungua penye kifungu chenyewe na kukisoma kwa sauti, herufi kwa herufi. *Muda wa hadhana ya mtoto wa kike hukoma.* Hadhana, neno la wanasheria la malezi ya mtoto. Hakuna mikono, hakuna dari, hakuna ukoo wa baba.

Rafu ya chini palikuwa na rundo la karatasi lililofungwa kwa kamba ya katani. Hii ilikuwa tafsiri yake ya Kanuni nzima kwa Kitajiki, kazi iliyomla ujana. Kiwanda cha chapa kilifungwa kabla kitabu hakijachapwa. Zilibaki nakala za kusahihishia: hii, na nyingine aliyopewa msahihishaji. Aliifungua. Sentensi ilikuwa pale, mikono na dari na vyote.

Mtu alikuwa ameichukua Kanuni katika Kitajiki cha Hotam, akaivisha herufi za Kiarabu moja moja, na kwa mazoea ya mkono akaacha kila 'i' mahali ilipokuwa. Msahihishaji alikuwa yule msaidizi wa mwisho aliyeondoka kwenda kuwa wakili.

Ofisi ya Siyovush Latifov ilikuwa na joto. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, suti ya kijivu, tai iliyofungwa vizuri. Alinyanyuka kabla Hotam hajauachia mlango, akatoka nyuma ya meza, akampokea koti.

"Ustadh. Ungenipigia simu ningekuja mimi."

"Kitabu changu kiko wapi?"

"Kitabu kipi?"

"Ninacho kimoja tu."

Siyovush alilitundika koti polepole, akalilainisha mabega. "Ile nakala? Ilipotea nilipohama nyumba. Zamani."

"Karani wa Kunduz kaiokota njiani?"

"Sijakuelewa."

"Mikono ya malezi, Siyovush. Dari ya ukoo."

Wakili alirudi kwenye kiti chake. Alipanga kalamu zake sambamba, akazipanga tena.

"Sheria inasema hivyo au haisemi?" aliuliza.

"Maana yake ni hiyo."

"Basi hakuna aliyedhulumiwa. Haji yule angoje mafaili ya kule mpaka azeeke? Nimemwandikia kile ambacho jaji wa kule angekiandika."

"Jaji wa kule angeandika hadhana."

Siyovush aliinua kalamu moja, akairudisha kwenye mstari wake.

"Uliniuliza wewe mwenyewe," Hotam alisema, akienda dirishani na kurudi, "kwa nini tusiliache neno hadhana. Nikakwambia nataka muuza maziwa wa Kulob akisomewa aelewe. Ukacheka. Ukasema, Ustadh, nani atakisoma hiki."

"Nilikisoma mimi. Sentensi ile ni nzuri, ndiyo maana iliniingia kichwani." Sauti ya wakili ilikuwa tulivu. "Sasa tusikilizane. Ukisema maneno ni ya kitabu chako, jaji atauliza kitabu kiko kwa nani. Nakala yangu imepotea. Itabaki yako. Nani basi aliyeandika hukumu? Mzee anayejua herufi za kule, anayejua sheria ya kule, anayekaa peke yake chini ya ardhi na kitabu kisicho na mwingine."

"Na talaka? Nazdana hakuachwa."

"Sikuwepo."

"Yule mtoto kashaahidiwa mtu mwenye mashamba ya matikiti. Ulijua?"

"Hilo halimo kwenye swali la jaji." Siyovush aliinua macho. "Wala kwako halimo. Umeulizwa neno moja. Andika ndiyo. Hujapata kuandika uongo katika kazi yako yote, Ustadh, na leo pia utakuwa hujaandika."

Hotam alilivuta koti lake kutoka kwenye ndoano. Mkono wake mmoja haukuipata njia ya mkono wa koti, na Siyovush akasogea kumsaidia, kama alivyozoea zamani. Hotam alitoka na mkono mmoja nje.

Aliandika akiwa amesimama. Alichana karatasi ya kwanza, kwa kuwa ilikuwa imemtaja mwenye matikiti, na hilo lilikuwa nje ya swali. Alichana ya pili, iliyosema hukumu ni ya kughushi. Hilo lilikuwa la jaji kuamua. Ya tatu ilikuwa fupi.

*Mheshimiwa Jaji. Umeuliza kama kifungu kilichonukuliwa ndivyo kilivyo katika sheria ya Afghanistan. Jibu ni hapana. Maana inakaribiana, maneno siyo. Sheria ile ina neno hadhana. Hukumu haina neno hilo. Maneno yaliyomo katika hukumu yapo mahali pamoja tu ninapopajua: katika tafsiri yangu ya Kitajiki, ambayo haijapata kutoka. Mahakama ya Kunduz isingeweza kuisoma. Aidha, nukuu imeandikwa kwa kutia kiunganishi ambacho maandishi rasmi ya nchi ile hayakitii. Mtafsiri wako anaweza kukuonyesha. Watu waliopata kuwa na tafsiri hiyo ni wawili. Wa kwanza ni mimi, Hotam Yodgorov. Wa pili ni msahihishaji wake, Siyovush Latifov, wakili katika shauri hili. Nakala yangu naiambatisha ulinganishe. Sina nyingine.*

Bunafsha Qodirova alikuwa amesimama mlangoni. Alisoma juu ya bega lake mpaka mwisho, midomo ikienda.

"Hukutoka nje ya swali," alisema hatimaye, kama mtu aliyetafuta kosa na kulikosa.

"Nimejitahidi."

"Umejitaja wa kwanza. Watakuita wewe kabla ya yeye."

"Waniite. Siku zote naulizwa mimi, leo nitawauliza na mimi."

"Wizara itapiga simu." Alilitazama rundo la karatasi na kamba yake. "Hiki ndicho kile kitabu?"

"Ndicho."

"Nilidhani ulikuwa ukitutania." Alilipima kwa mkono, akakuta ni zito, akalirudisha taratibu. Kisha akafungua droo ya Hotam bila ruhusa na kumtolea bahasha kubwa kuliko zote.

Bahasha haikukubali kufunga. Hotam aliligeuza rundo, akalikandamiza kwa kiwiko, akapaka gundi mara mbili, na bado mdomo uliachama. Akaifunga kwa ile kamba ya katani, akakaza fundo kwa meno, akatia sahihi yake pale karatasi mbili zilipokutana, nusu huku, nusu kule.

Tillo alifika kuichukua kabla masjala ya mahakama haijafungwa. Aliinyanyua, akaguna.

"Jibu la mstari mmoja ndilo zito hivi? Ukifukuzwa usije kwangu. Meza yangu iko karibu na choo na haina kiti cha pili."

"Mwekee jaji mkononi. Usimwachie karani."

"Nimekusikia."

"Mkononi, Tillo."

"Nimekusikia, mzee." Alilifungua koti lake la jeshi, akaiingiza bahasha ndani, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, na kifua chake kikawa kipana kama cha Haji. Hotam alimfuata mpaka mlango wa nje. Upande wa pili wa barabara, chini ya taa za mahakama, Nazdana na msichana walikuwa wanateremka ngazi kurudi Vahdat. Tillo alipishana nao akipanda, akawasalimia kwa kichwa, akaingia ndani na ile bahasha.